Vyumba vya Juu vya Fundi Suti

Kila asubuhi Fundi Suti alifungua duka, akapangusa cherehani, kisha akakaa kusubiri mteja. Mtaa ule wa katikati ya mji ulikuwa kimya. Zamani ofisi zilijaa, na suruali za kupunguza hazikuisha mezani. Ofisi zilipohama, mtaa ukawa mahame. Jua likitua, hata paka hapiti.

Na yeye, jamani, alikuwa na ghorofa nzima juu ya duka! Nani aliishi humo? Masanamu ya kuvalishia nguo. Hayana vichwa, na kodi hayalipi.

Zamani mdogo wake wa kike aliuza chai katika chumba cha pembeni. Jioni alileta wapiga gitaa. Siku moja alimwomba, "Kaka, nipe vyumba vya juu niishi na wanangu. Nikilala hapahapa, nitaweza kufungua mpaka usiku."

"Hapa ni pa biashara, si pa kulala!" Fundi alifoka. "Na hayo magitaa yako yatanifukuzia mabosi."

Mdogo wake alikusanya vikombe vyake vya chai. Alifunga virago akahamia mji mwingine. Baadaye mabosi nao wakaondoka, wala hawakuaga.

Siku moja aliingia afisa wa mipango miji, zipu ya sketi imemkatikia. Fundi akamlilia.

"Biashara imekufa, mama. Turudishieni ofisi."

"Huko juu anakaa nani?"

"Masanamu."

Afisa akacheka. "Hayo hayanunui mkate, fundi! Watu wa ofisi ni wa mchana tu. Anayelala hapa atanunua sabuni hapa, atakula hapa jioni, atashonesha hapa. Madirisha yakiwa na taa na meza zikiwa nje, watu hawaogopi kupita. Wapitaji wakiwa wengi, mwizi hukosa nafasi."

"Na kelele je?"

"Mnapatana. Muziki uwe na saa yake ya kunyamaza. Wewe anza na maji, choo, umeme uliokaguliwa, na ngazi yenye mlango wake."

Fundi aliinamia zipu. Mdogo wake alimwambia hayohayo, naye akayatupa. Moyo ulimuuma sana.

Basi akayauza masanamu. Akamwita fundi bomba, kisha fundi umeme. Juu wakahamia muuguzi na mumewe, halafu mwalimu. Mpishi mmoja alichukua chumba cha chai, akatoa meza nje, na jioni gitaa likarudi. Wenye nyumba wengine walipoona hivyo, nao wakafungua ghorofa zao. Suruali zikaanza kurudi kwenye cherehani.

Lakini chumba kimoja, chenye dirisha la mtaani, Fundi hakukipangisha. Alimpigia simu mdogo wake.

"Mdogo wangu, nilikukosea. Rudi. Nimekuwekea chumba."

Mdogo wake alitega sikio. "Hilo ni gitaa ninalolisikia?"

"Ndilo. Liko chini hapa."

"Kaka, nimeshakusamehe siku nyingi. Lakini wanangu wamekulia huku, na mgahawa wangu uko huku. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi kitakungoja."

"Aa, kaka! Umeanza tena? Kipangishe! Yupo mtu leo anakihitaji kama nilivyokihitaji mimi."

Fundi Suti alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Asubuhi alibandika karatasi mlangoni: "Chumba kinapangishwa. Mwenye watoto anakaribishwa."