Ribiti ya Chuma na Atomu za Alumini

Kila akitoka shule, Kasuku alipitia karakana ya baba yake, mfua sufuria, akafagia vipande vya alumini. Jina hilo alipachikwa na wenzake darasani, kwani kanuni za kemia alizimeza zote na kuzitoa bila kukosea neno. Jioni moja alimwomba baba yake kipande cha sufuria kuukuu akipeleke kwenye maonyesho ya sayansi, na baba akampa kwa furaha.

Meza bora ingewakilisha shule mashindanoni, na Kasuku aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Yeye na rafiki yake, msichana mrefu aliyeitwa Twiga, walipima kipande wakapata gramu 54. Moli moja ya alumini ina gramu 27, kwa hiyo 54 ÷ 27 ni moli 2. Kila moli ina atomu 6.02 × 10²³. Basi walikuwa na atomu 1.204 × 10²⁴. Twiga akairemba hesabu ubaoni kwa chaki za rangi.

Siku ya maonyesho, mwalimu wa kemia, aliyekuwa mwamuzi, alikuwa amefika meza ya jirani Kasuku alipoona doa la kutu kwenye kipande. Alumini haina kutu ya rangi ile. Ilikuwa ribiti ya chuma, ule msumari mfupi unaoshikilia mkono wa sufuria. Twiga alimnong'oneza akigeuze tu, nani atajua? Kasuku alitamani sana kumsikiliza.

“Mwalimu,” akasema, “tumekosea. Humu mna chuma, na sisi tumekihesabu kuwa alumini.”

Twiga akajishika kichwa. Mwalimu akaleta koleo. Ribiti ilikuwa mbishi. Alivuta mpaka miwani ikamteleza puani, na darasa zima likacheka, naye akacheka. Ribiti ilipong'oka, mizani ilisoma gramu 48.6. Kasuku akapiga hesabu upya mbele ya wote, safari hii bila kukariri: 48.6 ÷ 27 ni moli 1.8, mara 6.02 × 10²³, ni atomu kama 1.08 × 10²⁴.

Mwalimu alimuuliza kwa nini hakunyamaza, maana hata yeye asingeiona ribiti.

“Ningekuwa nahesabu atomu ambazo hazimo, Mwalimu.”

Hapo hapo mwalimu akatangaza kuwa meza hiyo ndiyo itakayokwenda mashindanoni. Twiga alimkumbatia rafiki yake hadi wote wakajaa chaki.

“Kugawanya kwa 27 nitamfundisha yeyote,” mwalimu akawaambia wanafunzi. “Lakini hesabu huanza na ukweli wa kile ulichoweka kwenye mizani. Ukiona kuna kasoro, iseme mwenyewe, hata kama hakuna aliyekuuliza.”