Shingo ya Chupa ya Marashi

Gitaa la Pastory lilikuwa likilia vibaya tangu masika, na mtaa wao wa Buzebazeba ulishazoea. Hata mbuzi wa jirani walikuwa wameacha kugeuza shingo. Kwa hiyo alasiri ile lilipolia vizuri, aliyeogopa kwanza ni mpigaji mwenyewe.

Pastory alikuwa fundi wa injini za boti pale ufukweni Katonga. Pangaboi ya boti ilimsaga vidole viwili vya mkono wa kushoto, vikapona vimekakamaa kama mihogo mikavu, akaambiwa asahau gitaa. Halafu akaona kwenye simu mtu kalaza gitaa mapajani, anatelezesha kipande cha kioo juu ya nyuzi bila kukandamiza chochote, na nyuzi zinalia kama binadamu. "Hii ndiyo yangu!" alipiga kelele, na tangu hapo hakuna aliyelala mchana mtaani.

"Fundi," alimwuliza Anatoli, mwalimu wa kwaya, akipita na baiskeli, "huo ni wimbo au unachinja?"

"Najifunza, mwalimu."

"Basi chinja haraka, mnyama anateseka."

Pastory alisingizia kipande chake cha kioo. Asubuhi ile akaokota ufukweni chupa nene ya marashi, shingo yake imezungushiwa uzi mweusi wenye vifundo. Kigoma nzima inajua chupa ya namna hiyo: mganga akimtoa mtu jini, humfungia humo na kwenda kumtosa kwenye kina cha ziwa. Pastory naye alijua. Ila hamu ya gitaa ilimzidi. Akajiambia ni uzi wa mvuvi tu, akaukata kwa meno. Akazungushia shingo ya chupa kamba yenye mafuta ya taa, akaiwasha, akaitumbukiza kwenye maji, ikakatika safi.

Kioo kilikuwa cha baridi. Kidole kibovu kikaingia chenyewe. Aligusa nyuzi, na wimbo asioujua ukatoka mzima, bila kujikwaa, na chumba kikajaa harufu ya waridi, na ndani ya waridi harufu ya tope la chini ya ziwa.

Uani, mkewe Leonia, mwimbishaji wa kwaya, alikuwa anaimba huku akichambua dagaa. Alinyamaza katikati ya neno.

"Mama Bariki?"

Leonia akaja mlangoni, kajishika koo. "Limekauka," alinong'ona.

Na hapa ndipo penye aibu: kesho yake alipiga tena. Kila alipopiga vizuri zaidi, Leonia alinong'ona kwa taabu zaidi, mpaka ikawa anaomba chumvi kwa kidole. Pastory alisema ni mafua. Lakini jioni moja, jua linazama, gitaa likiwa limelala kitandani peke yake na yeye amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, uzi mmoja ukajivuta taratibu, ukapanda, ukapanda, ukatafuta mahali pake kama mtu anayepapasa gizani, halafu ukamwita, kwa sauti ya mkewe, na kile kikwaruzo chake kidogo mwishoni alichokipenda tangu siku ya kwanza alipomsikia kanisani: "Baba Bariki."

Kikombe kilianguka. Leonia alikuwa nyuma yake. Alifungua mdomo kupiga kelele, na hakikutoka kitu.

Walikwenda Rusimbi kwa Bibi Kurwa, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakata uzi?"

"Mimi."

"Kwa kisu?"

"Kwa meno."

Bibi Kurwa alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima aliyelamba betri ya gari. Kisha akashusha sauti. "Huyu hafukuzwi kwa fujo. Ana wimbo wake, na kwa wimbo huohuo huagwa. Aliyemfungulia ndiye amuage, bila kile kioo. Ukiufikisha mwisho salama, ataingia chupani na kuacha alichochukua."

"Bibi, bila kile kioo mimi sijui kupiga!"

"Ongea polepole. Anasikia."

Magharibi ikawakuta ufukweni, Leonia amekaa mchangani, Bibi Kurwa ameshika chupa mpya ya mdomo mpana yenye marashi na kile kioo kimezama ndani yake, uzi tayari mkononi. Pastory alivaa kidoleni boksi spana, kile kibomba cha chuma cha kufungulia plagi za injini, ndicho chombo pekee ambacho mkono wake uliwahi kukitumia bila kukosea, akaanza, na jasho likamtiririka, kwa sababu kila sauti ilimbidi aitafute kwa sikio, ateleze mpaka karibu, asite, asogee unywele mmoja, na harufu ya tope ikampanda puani, na maji yakasogea miguuni ingawa hapakuwa na upepo, na kitu kikamshika kiwiko kwa upole, kama mwalimu anavyomshika mwanafunzi, kikitaka kumwongoza, naye akakaza mkono, akakataa, akaendelea vibaya lakini mwenyewe, mpaka sauti ya mwisho, na hapo chuma kikapitiliza, kidogo sana, akakirudisha.

Bibi Kurwa alikuwa tayari anafunga uzi. "Umeipita?"

"Nimeirudia."

Bibi akakaza fundo la mwisho. Akaitupa chupa mbali.

Leonia alikohoa. "Mwanaume mzima," alisema, "unakata uzi wa jini kwa meno?" Akamtukana kwa Kiha mpaka nyumbani, na Pastory alilia kwa furaha njia nzima.

Jumapili Leonia alisimama mbele ya kwaya. Ubeti wa kwanza ulikuwa wake. Wa pili, chini ya sauti yake ikaja nyingine, nyembamba, kutoka mdomo uleule. Ilianzia chini, ikateleza, ikapitiliza, ikarudi. Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

"Fundi!" Anatoli alimnong'oneza, macho yanang'aa. "Mkeo anaimba sauti mbili peke yake! Umemfundisha wewe?"

Pastory alikuwa anasikiliza namna ile sauti ilivyokosea, ikajaribu tena, na kwenye ubeti wa tatu ikakosea kidogo tu. Aliujua vizuri mlio huo. Ni wa mtu aliyepata chombo kipya na anajifunza.

Leonia alimtazama kutoka mbele, machozi yanamtoka, akaufunga mdomo kwa mikono yote miwili. Wimbo ukaendelea, kwa sauti ile nyembamba peke yake.