Ua Lililoinua Kichwa

Wewe unayesoma hapo, umewahi kukaa na mwanaume aliyejifunga kitenge cha kike kiunoni, anasubiri suruali yake ishonwe, na moyo ukakwambia huyu ndiye? Ritha yalimpata hayo Kiomboi, stendi ya mabasi, Jumatatu saa nne asubuhi.

Basi la Singida lilikuwa limeingia. Wapiga debe wanaita, akina mama wanatembeza vitunguu kwenye ndoo, na Naftali akashuka ameshikilia faili nyuma ya suruali. Msumari wa kiti ulikuwa umeichana, suruali nzuri ya rangi ya udongo, iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Akaona cherehani kwenye baraza la duka la madaftari, akaiendea kwa hatua fupi fupi.

Ritha alikuwa amevaa gauni la bluu la vifungo vyeupe, tepu shingoni, pini tatu mdomoni. Hakucheka. Alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto, ndipo akampa kitenge na kumwelekeza nyuma ya pazia.

"Ulikuwa unakwenda wapi umependeza hivyo?" alimuuliza alipotoka.

"Kazini. Leo ndiyo naanza, pale ushirika."

"Basi kaa kwanza. Wakikuona na kitenge watakupeleka jikoni."

Akakaa. Juu ya kichwa chake zilining'inia aproni, kila moja ina ua la alizeti kifuani, limekatwa kwa mabaki ya vitambaa vya njano na vyekundu, likashonwa kwa mkono. Naftali alilitazama sana lile ua. Alilijua. Lilikuwa kwenye faili lake: nembo ya Jicho la Shamba, ushirika wa wakulima wanaokamua mafuta. Ila la kwenye faili limeinamisha kichwa. La Ritha limekiinua.

Akauliza kwa nini. Ritha akajibu bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Lile la kwenye chupa za mafuta linakaa kama linaomba msamaha. Mimi ni mwanachama, nalima ekari mbili za marehemu mama. Sijamkosea mtu."

Hapo ndipo Naftali angesema kwamba ameajiriwa kuisajili nembo hiyo na kuiandikia kanuni. Hakusema. Alivaa suruali yake, akashukuru, akasahau faili kwenye kiti, akarudi kulichukua huku anatabasamu peke yake.

Baada ya hapo nguo zake zikapata maradhi. Jumatano kifungo, Ijumaa pindo, wiki iliyofuata kola. Siku moja Ritha alikigeuza kifungo kwenye mwanga.

"Hiki kimekatwa na wembe, baba."

"Labda panya."

"Panya wa kwenu wanatumia wembe?"

Wakacheka wote wawili. Tangu siku hiyo simu zikaanza, kila jioni Ritha akifunga kazi. Naftali alimwita "fundi wangu", naye akamwita "mgonjwa wangu". Walisimuliana chakula walichokula, mvua iliyogoma, na mbwa wa jirani. Mwezi wa tatu tangu wajuane Ritha akamwambia shangazi yake, Elina, aliyemlea, kwamba huenda kuna mtu atakuja nyumbani. Shangazi akafua vitambaa vyote vya makochi.

Kumbe wiki hiyo hiyo meneja wa ushirika, Laurian, alikwenda Nduguti mnadani akakutana na zile aproni. Akamwambia Naftali aandike barua ya kumzuia huyo fundi, na aipeleke mwenyewe. Naftali aliomba kwanza akaongee naye. Meneja akasema kanuni ni zako, uliziandika wewe, barua ifike kabla ya Jumatatu.

Jumapili mchana Naftali akafika kwa kina Ritha amevaa shati jeupe, mkononi bahasha ya kaki. Ritha alikuwa bado kanisani na kwaya. Naftali akaamkia shikamoo, akataka kueleza, lakini Shangazi Elina alikwisha kuiona bahasha, akajua ni barua ya posa. Alitanua khanga yake, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akapiga vigelegele hadi majirani wakaitikia. Naftali akarudi nyuma hadi mlangoni. Akaondoka. Huo woga mimi siutetei.

Ritha alipofika alikuta baba yake mdogo, Simeoni, ameitwa, miwani tayari puani, wanawake wamejaa sebuleni. Simeoni akasoma kwa sauti ya kanisani.

"Yah: Kusitisha Matumizi ya Nembo."

"Yah ni ukoo wa wapi?" akauliza Shangazi.

Simeoni akaendelea, sauti inashuka. Nembo imebadilishwa umbo. Imetumika bila kibali cha maandishi. Siku kumi na nne kuacha, na kusaini ahadi ya kutorudia. Akavua miwani. Wanawake wakakumbuka kwamba wana mboga motoni, wakatoka mmoja mmoja.

Ritha alimpigia Naftali pale pale uani, na manukato ya kwaya bado shingoni.

"Miezi mitatu ulikuwa unanipenda au unahesabu aproni?"

"Nilitaka kukwambia, Ritha."

"Ulikaa chini ya hayo maua umevaa kitenge changu. Nafasi gani nyingine ulikuwa unaitafuta?"

"Saini tu ile ahadi, mambo yaishe. Halafu tuongee yetu."

"Siweki saini. Na usinipigie."

Hakuweka. Alishona mchana na jioni, ua limeinua kichwa zaidi kuliko mwanzo. Akina mama wa ushirika waliposikia, wakaja kununua, hata wasiopika. Siku ya kumi na tatu ukaitishwa mkutano mkuu wa wanachama, ukumbini. Waliingia wanawake arobaini, wote na aproni juu ya nguo zao za kutokea, wakakaa mstari wa mbele.

Meneja alisema jambo lenye akili, tusimwonee. Alisema tukiruhusu kila mtu alichezee ua, kesho tapeli ataliweka kwenye mafuta machafu na jina letu litakufa. Mzee Paulo, mwanachama wa siku nyingi, akasimama kuuliza, kwani lile la ofisini limefiwa? Ukumbi ukacheka. Ritha akaitwa mbele, kalamu ikawekwa mezani.

"Nimekuja kusema siweki saini," alisema. "Hili ua linatoka mashambani kwetu. Anayetaka kulipiga chapa kama ng'ombe, aje kwanza apalilie."

Meneja akamwambia Naftali asome kanuni zote, ili mkutano usikie kosa. Naftali akasimama. Akafungua faili. Akaruka ya kwanza, akaruka ya pili, akasoma ya saba peke yake: nembo isitumike kwa namna ya kumdanganya mnunuzi.

"Hizi nyingine niliziandika ili zilinde hii," alisema. "Nauliza mkutano. Kuna mtu amewahi kununua aproni akidhani ni mafuta?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi barua niliyoandika ni ya makosa. Nilijua ni ya makosa, na nikaipeleka."

Zikapigwa kura. Mwanachama ruksa kulitumia ua kwenye kazi ya mikono yake, liinue kichwa likitaka. Kwenye chupa za mafuta, marufuku. Meneja alitia sahihi ameuma meno, kisha akamwambia Naftali afike ofisini Jumatatu na maelezo ya maandishi.

Nje, Ritha alikuwa anakunja aproni zilizobaki. Naftali akaja akasimama mbali kidogo, jasho limelowesha mgongo wa shati. Akaanza kwamba amekosa, kwamba pengine Jumatatu hana kazi, kwamba atatafuta mtu mzima wa kumsemea, ikiwa nyumbani watamkubali, ikiwa Shangazi…

Shangazi mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameinama anafunga kamba za viatu, na miguuni ana ndala.

Ritha aliweka aproni chini. Alimtazama usoni, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wale arobaini waliokuwa bado mlangoni.

"Naftali, acha kutafuta wa kukusemea. Nasema mwenyewe, na kila mtu asikie. Nataka unioe."