Moto Usio na Moshi

Umeme ulikatika saa tano asubuhi, na saa sita maharage yakachemka.

Bernadeta alisimama jikoni na mwiko mkononi, akatazama juu. Taa imezimika. Akasikiliza. Redio ya jirani, ambayo haikuwahi kunyamaza kwa heshima ya mtu yeyote, imenyamaza. Mlima mzima pale Ilemela haukuwa na umeme, maana mgao wa mwaka ule ulikuwa na adabu kuliko mfanyakazi yeyote: hauchelewi, hauumwi, haufiwi. Lakini chini ya sufuria yake, waya wa jiko jipya, uliojikunja kama konokono, ulikuwa mwekundu.

Alimwambia mumewe aliporudi kutoka kazini. Alexander alikuwa fundi wa mitambo ya barafu katika kiwanda cha minofu ya sangara, mtu wa kuelewa mambo ya umeme. Alikuna kidevu.

"Huo ni umeme uliobaki kwenye waya, Mama Precious. Kama maji kwenye mpira."

"Umebaki wa kuivisha maharage?"

"Yameiva au hayajaiva?"

"Yameiva."

"Basi lete."

Alijua anasema uongo. Akala sahani mbili.

Jiko lile hawakulinunua kwa maringo. Binti yao Precious, mwenye miaka sita, alikuwa na pumu. Kuni zikiwaka, kifua chake kinapiga filimbi. Zikifuka, midomo inageuka bluu. Mara mbili mwaka ule walimkimbiza hospitali kwa sababu ya makongoro ya ng'ombe yasiyotaka kuiva. Mara ya pili daktari aliwaambia waziwazi kwamba mtoto huyu na moshi hawawezi kukaa nyumba moja.

Wakaenda maduka ya Mkuyuni kuchagua jiko. Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ambayo zamani yalikuwa na mche mmoja wa sabuni na muuzaji mwenye usingizi, sasa yalijaa vitu vya Dubai hadi barazani. Muuzaji wao, Yassin, alikuwa na mdomo wa kuuzia samaki ziwa.

"Hili hapa la Mchina, mama. Tambi kumi, mafuta ya taa kidogo tu, familia inashiba."

Bernadeta alilinusa. "Si chakula kitanuka taa?"

"Mwezi wa kwanza tu. Wa pili mnazoea."

"Na lile?"

"La gesi! Ukiwasha tu, pu!"

"Pu gani?" Alexander aliuliza, tayari yuko mlangoni.

"Pu ya kuwaka, mzee wangu, si ya kulipuka."

"Mtungi ukiisha?"

"Tunausubiri uje na treni kutoka Dar."

"Siku ngapi?"

Yassin alitazama dari kama mtu anayekumbuka marehemu. "Mzee, njoo nikuonyeshe la umeme." Akachomeka jiko la pleti mbili. Waya ukawa mweusi, ukawa wa kahawia, ukawa mwekundu. Bernadeta alisogeza uso, akavuta hewa kwa nguvu, akangoja kukohoa. Hakuna.

"Moto bila moshi, mama. Hata chembe."

Hapo wakawa wamechagua.

Tabu ilikuwa mahali pa kuliweka. Jikoni kwao palikuwa padogo, na ukuta wa nyuma haukuwa ukuta, lilikuwa jiwe la mlima, kubwa kuliko basi, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za huku. Wakamwita Nkwabi mpasua mawe. Kazi ya Nkwabi inajulikana: unakoka moto juu ya jiwe, likipata joto unalimwagia maji ya baridi, linapasuka. Lakini kabla ya moto, wapasua mawe wa mlima ule hugonga jiwe mara tatu kwa nyundo, husema "tunaomba njia," kisha hurudi nyumbani na kungoja hadi kesho yake. Nkwabi aligonga, akasema, akakusanya nyundo zake.

"Unakwenda wapi?" Alexander aliuliza.

"Kesho, kaka."

"Njia unamwomba nani? Mjusi?"

"Kesho," Nkwabi akasema, bila kucheka.

Alexander hakungoja kesho. Alikoka moto mwenyewe jioni ile ile, akamwaga ndoo mbili za maji. Jiwe lilipasuka kwa sauti ambayo hakuipenda: halikulia kama jiwe, liliguna kama mtu aliyeamshwa. Likaacha shimo safi la kimo cha kiuno, kana kwamba limepimwa, na ufa mweusi kwa ndani. Jiko likaingia humo barabara.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Kifua cha Precious kilinyamaza. Alilala kama gunia la mchele. Bernadeta alikwenda kanisani kushukuru, na aliporudi, siku hiyo ya maharage, ndipo alipouona ule waya mwekundu.

Siku iliyofuata Precious alisukuma sahani yake ya ugali.

"Nimeshiba, mama."

"Umekula wapi?"

"Jikoni. Bibi kanipakulia."

"Bibi gani? Bibi yako yuko Magu."

"Si huyo. Wa kwenye jiwe."

Bernadeta alicheka, maana watoto wana mambo. Kisha akagusa tumbo la mwanawe, na kicheko kikakatika. Tumbo lilikuwa gumu, limejaa, na lilikuwa na joto, si joto la homa, bali la sufuria iliyotoka kuepuliwa. Akambeba mgongoni kumpeleka kitandani. Mtoto wa miaka sita alikuwa mwepesi kama kanga iliyofuliwa ikakauka.

Ikawa hivyo Jumanne, ikawa hivyo Jumatano. Jikoni pakaanza kunuka chuma cha moto na jiwe lililoloweshwa. Sahani zilikutwa mezani zikiwa safi, na zinaunguza vidole. Alhamisi Alexander alichomoa waya ukutani, akauviringisha, akaufungia kabatini na kutia ufunguo mfukoni.

"Sasa tuone," alisema. Lakini hakukaa kuona. Alikumbuka kazi fulani uani.

Aliyeona ni Bernadeta. Saa kumi na mbili jioni, kukiwa bado na mwanga wa kumwezesha mtu kupepeta mchele, alijibanza nyuma ya mlango wa jikoni na kuchungulia penye bawaba, akamwona Precious amekaa chini mbele ya lile shimo, miguu ameinyoosha, mdomo wazi kama kinda la ndege, na jiko lisilo na waya limewaka pleti zote mbili, nyekundu, mbili, sambamba, kama kitu kilichoinama kumtazama mtoto vizuri, na kijiko kikashuka kutoka penye giza la ule ufa bila mkono wa kukishika, kikaingia mdomoni, kikatoka kitupu, kikapanda, kikashuka tena, na wakati wote huo kulikuwa na mvumo mdogo, wa chini chini, kama waya wa nguzo unavyovuma wakati wa mvua, ila mvumo huu ulikuwa na mapumziko na mafungu, na Bernadeta alipozuia pumzi yake ili asikie vizuri, alitambua kwamba ni wimbo wa kubembelezea mtoto.

Walikuwa Wakatoliki, na katekista alikaa nyumba ya tatu. Kwa hiyo walipita nyuma, kwenye majani ya ndizi, hadi kwa Bi Sada, mwanamke wa Kiislamu aliyejulikana mtaani kwa kusomea watu waliokumbwa na pepo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mmekuja kama wezi wa kuku?"

Wakamweleza, wote wawili kwa pamoja, kwa kunong'ona. Alipofika kwenye habari ya jiwe, Alexander alipunguza sauti hadi ikawa pumzi.

"Hukungoja," Bi Sada alisema.

"Nilikuwa na haraka, bibi."

"Mwenzio alikuwa amelala. Umemchomea nyumba, umemmwagia maji, kisha umemwekea kitanda. Hao majini wenyewe ni moto usio na moshi, mwanangu. Kwenye kuni hakai, moshi unamkaba. Mkaa una moshi wake mdogo, mafuta ya taa yana masizi. Wewe umekwenda dukani ukachagua, ukamletea kiti chake hasa."

"Anataka nini kwa mtoto?" Bernadeta aliuliza.

"Anamlisha. Mtoto akizoea chakula chao, cha kwenu kinamtoka. Siku atakayokataa hata maji ya mkono wako, huyo si wako tena."

Bernadeta aliinuka bila kuaga.

Ijumaa asubuhi Precious alikataa uji. Mchana alikataa chungwa. Saa tisa Bernadeta alimshikia kikombe cha maji, na mtoto alikitazama kikombe, kisha akamtazama mama yake kwa upole sana, kama mgeni anayeogopa kuwaudhi wenyeji.

"Nipe mdomo mmoja tu, Precious. Kwa ajili ya mama."

Akanywa. Akatema nusu.

Bi Sada alifika na mzigo wa kuni mbichi na majani. "Mafiga matatu, katikati ya jikoni. Madirisha yafungwe. Mtoto akae ndani, akohoe. Akikohoa sawasawa, chakula chao kitatoka, na mwenyewe atatoka nacho."

"Moshi utamwua!" Alexander alisema. "Daktari ametukataza!"

"Moshi huenda ukamwua, baba. Huyu mwingine hana huenda."

Alexander alimtazama mkewe. Bernadeta alikuwa ameshambeba mtoto.

Wakafungiwa ndani, mama na mwana, Bi Sada akisoma mlangoni. Majani yalifuka, moshi mweupe ukajaa kuanzia darini ukashuka kama mtu anayevaa nguo, na Bernadeta, mtoto mapajani, macho yakichuruzika, alisikia ule mvumo kwenye shimo ukipanda, ukapanda hadi meno yake yakauma, pleti zikang'aa mle ndani ya moshi, nyekundu, kisha za rangi ya chungwa, kisha nyeupe, kitu kikapiga bati kwa juu, kikapiga ukuta, kikapita katikati yao kwa nguvu na mtoto akamponyoka, mama akapapasa sakafu kwa mikono miwili akiita, akaunguza kiganja, akapapasa tena, akamshika mguu, akamvuta, akamkumbatia kifuani, akapiga mlango kwa bega na kuanguka nje kwenye hewa.

Alimkalisha juu ya jiwe la kufulia. Alexander alipiga magoti, analia na kucheka.

"Hakohoi! Mama Precious, tazama, hata hakohoi! Amepona!"

Kweli hakukohoa. Alikaa ametulia, gauni safi, macho makavu, akiwatazama kwa zamu. Bernadeta, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akikohoa hadi kutapika, alimtazama. Akasogea. Akaweka sikio kwenye kile kifua alichokisikiliza usiku na mchana kwa miaka sita, kifua ambacho hata siku kikiwa kizima hakikosi kasauti.

Kilikuwa kinavuma.

Na nyuma yake, ndani ya moshi, mtoto akakohoa.

Vikohozi vikavu, viwili viwili, vikifuatwa na filimbi ndefu. Kisha, kwa sauti iliyokwama: "Mama."

"Usigeuke!" Bi Sada alimshika mkono. "Linakuita! Ndiyo mchezo wao, linakuita urudi!"

"Mtoto si huyu hapa?" Alexander alisema, na alipojisikia akisema hivyo, alijirudisha nyuma kidogo, akiburuta magoti.

Aliyekaa juu ya jiwe alitabasamu. "Mama, usiende. Moshi mbaya."

Bernadeta alijitoa mkononi mwa Bi Sada, akajifunika kanga usoni na kuingia. Ndani hakukuwa na kitu cha kuona. Alikifuata kikohozi kwa magoti, kikikatika anasimama, kikianza anakwenda, hadi kikakatika na hakikuanza tena, na hapo akabaki na mikono yake tu. Aliingiza mkono chini ya jiko, kwenye ule ufa wa jiwe, hadi begani, ngozi ikichubuka. Akagusa unywele. Akagusa sikio. Akavuta, na safari hii alichokivuta kilikuwa kizito, kizito cha kuvunja mgongo, uzito wote wa mtoto wa miaka sita.

Alitoka naye midomo ikiwa bluu. Akamlaza kifudifudi na kumpiga mgongoni, moja, mbili, na Precious akatapika maji meusi yenye mvuke, akavuta pumzi kwa mlio wa kuchana kitambaa, akakohoa. Akakohoa tena.

"Maji," mtoto alisema.

Aliyanywa yote mkononi mwa mama yake. Alexander alimtupia mgongoni, akashuka mlima akikimbia kuelekea barabara ya hospitali, na kikohozi kile kilisikika hadi walipopotea kwenye mawe. Bernadeta alikisikiliza kwa shukrani, kama mtu anavyosikiliza kwaya.

Kisha akageuka. Jiwe la kufulia lilikuwa tupu. Moshi ulikuwa ukitoka mlangoni polepole, na Bi Sada alikuwa amesimama pale pale, uso umekuwa wa majivu, mkono wake wa kuume ameuinua mbele yake kama si wake. Kiganjani palikuwa na alama nyekundu za vidole vidogo vitano.

"Yuko wapi?" Bernadeta aliuliza.

"Amenishika mkono," Bi Sada alisema kwa sauti ndogo. "Amenishika vizuri tu, kama mjukuu. Akaniuliza, bibi, kwenu mnapikia nini?"