Chupa Huoshwa, Majibu Hayaoshwi

Kila asubuhi Tamsin Heaney alivuka bustani ya chuo, pale Brisbane, kutoka maabara ya kemia kwenda darasa la kompyuta, kwa kuwa alisomea shahada mbili kwa mpigo. Wanakemia walimwita Kibodi. Wenzake wa kompyuta walimwita Mpika Sumu. Aliyabeba majina yote mawili kwa utulivu wa malkia aliyepokonywa taji.

Lakini siku hiyo utulivu ulimtoroka. Mijakaranda ilikuwa imechanua, ishara pale chuoni kwamba mitihani imewadia, na kazi yake ya kupima ukali wa siki ilikuwa imepata sifuri. Akifeli maabara, shahada ya kemia ingemponyoka.

"Sifuri!" alimwambia Declan, jirani yake wa maabara. "Na grafu yangu imenyooka kama rula."

"Ua la jakaranda limekudondokea kichwani, Kibodi. Likikuangukia, umefeli. Kila mtu anajua."

"Nyamaza wewe. Yako imepinda kama mkia wa mbwa, na umefaulu. Haki iko wapi?"

Akalipangusa lile ua, akaenda moja kwa moja kwa mhadhiri wao, Dokta Philippa Rennick. Hodi hakubisha.

"Philippa, umenionea."

"Karibu, Tamsin. Vile vipimo vya mwanzo nilivyokuona ukipima, viko wapi?"

"Vilikuwa juu mno, vinaharibu mstari. Programu yangu imevisafisha. Kwenye kompyuta tunafundishwa kusafisha data, tena tunasifiwa."

"Mnafundishwa kufuta jibu msilolipenda?"

Tamsin akaitazama tena grafu yake iliyonyooka. Dokta Rennick akaendelea:

"Chupa uliisuuza kwa kitu gani kabla ya kupima?"

"Kwa siki. Ilipokaribia kuisha nikaanza kutumia maji, na hapo vipimo vikashuka…" Akang'amua mwenyewe. Siki ya kusuuzia ilibaki chupani, ikajiongeza kwenye ile ya kupimwa.

Alirudia kazi yote. Safari hii alionyesha kila kipimo, vile vya aibu pia, na kueleza kosa lake. Akafaulu.

"Vipimo vile vilikuwa vinakuonya," Dokta Rennick alimwambia, "nawe ukavifukuza. Data husafishwa kwa sababu unayoijua na kuitaja, siyo kwa sababu inakuudhi. Chupa huoshwa, Tamsin. Majibu hayaoshwi."

Nje, ua lingine la jakaranda likamtua utosini. Declan akacheka. Tamsin akaliacha palepale, akaenda zake darasani.