Kochi la Kuazima

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Dorine alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuchota maji ndoo mbili, na kupanga masuku mafungu mafungu juu ya meza ndogo iliyokuwa kando ya barabara ya Mfaranyaki. Ulikuwa mwezi wa Desemba, na Desemba mjini Songea ni msimu wa masuku, matunda matamu ya porini. Bibi yake, Benigna, alikaa nyuma ya meza hiyo akikaanga vitumbua na kuwatania waendesha bodaboda. Aliwajua wote kwa majina, na hakuacha kumwuliza kila mmoja wao ataoa lini.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Ndani mlikuwa na vigoda viwili, mkeka, kitanda kimoja walicholala pamoja, na sufuria zilizosuguliwa kwa majivu mpaka zikang'aa. Mama yake Dorine alifariki Dorine akiwa na miaka minne. Tangu hapo Bibi Benigna ndiye aliyekuwa mama, baba, na mkali wa nyumba.

Mwaka huo Dorine alifaulu mtihani wa darasa la saba, tena vizuri. Alichaguliwa kujiunga na shule ya bweni ya wasichana wilayani Namtumbo. Kwa siku mbili nzima Bibi hakuongea jambo jingine. Siku ya tatu ikaja fomu ya kujiunga na shule, na Dorine akaisoma kwa sauti kwa kuwa macho ya Bibi hayakuona vizuri herufi ndogo. Godoro. Shuka mbili na blanketi. Tranka yenye kufuli. Ndoo mbili. Sare mbili, sweta, viatu vyeusi. Jembe, fyekeo, rimu ya karatasi.

"Hayo ni mahitaji ya shule au ni mahari?" Bibi aliuliza.

Dorine alicheka, lakini moyoni hakucheka. Vitumbua na masuku viliwalisha, wala hawakulala njaa, ila visingeweza kununua hata nusu ya vitu vile kabla ya Januari. Bila vitu hivyo angebaki nyumbani akiwatazama wenzake wakienda shule.

Aliyewafungulia njia alikuwa Mwalimu Kajetani, aliyemfundisha Dorine darasa la saba. Alipita siku moja kununua vitumbua, akaambiwa habari za fomu.

"Kuna Mfuko wa Daraja," alisema. "Wanasaidia watoto wanaoanza sekondari ambao familia zao hazina uwezo. Andikeni maombi. Mnahitaji nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala ya fomu ya shule, na barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye mhuri. Kuomba ni bure. Mtu akiwadai hela ya fomu, mjue huyo si mtu wa Mfuko."

Dorine hakupoteza muda. Barua ya maombi aliiandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, mwalimu akaipitia. Kwa mwenyekiti wa mtaa alikwenda mara tatu, maana mara mbili za kwanza mwenyekiti alikuwa shambani akipanda mahindi. Mara ya tatu alimfuata huko huko shambani, akamsaidia kufukia mbegu mistari miwili, wakarudi wote ofisini kugonga mhuri. Wiki ile ile Mwalimu Kajetani alileta jibu.

"Jumatano ijayo afisa wa Mfuko atakuja hapa nyumbani kuangalia hali yenu ya maisha," alisema. "Mwelezeni ukweli mtupu. Anayetoa taarifa za uongo jina lake linafutwa."

Katika maneno yote hayo, Bibi Benigna alisikia jambo moja tu: mgeni anakuja.

Jumanne mchana Dorine alirudi kutoka kuuza masuku, akakuta kochi kubwa jekundu limekwama mlangoni. Upande mmoja alikuwapo Mama Jane, jirani yao, akisukuma. Upande wa pili alikuwapo Gaspari, fundi redio wa mtaa ule, akivuta. Bibi alisimama katikati akitoa amri.

"Bibi, hili kochi la nini?" Dorine aliuliza.

"La mgeni. Mgeni wangu hawezi kukalia kigoda."

"Lakini mwalimu amesema anakuja kuona hali yetu."

"Hali yetu ataiona," Bibi alijibu, "lakini ataiona akiwa amekaa vizuri."

Basi likaingia kochi. Zikafuata meza ya kioo, chupa ya chai yenye maua, vikombe sita na jiko la gesi, vyote vya Mama Jane. Mwisho Gaspari akaleta televisheni kutoka kwenye kibanda chake. Nyumba ile haikuwa na umeme, kwa hiyo waya wake waliuficha nyuma ya kochi. Majirani walikuwa wakarimu kweli, na hakuna aliyesita kutoa kitu chake. Wakati wote huo Bibi aliimba wimbo wa kwaya. Dorine alitandika vitambaa kama alivyoagizwa, lakini hakuimba naye.

Jumatano saa nne afisa alifika kwa bodaboda. Aliitwa Halima, mwenyeji wa Tunduru, amevaa mtandio wa kijani na kukumbatia faili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, karibu kwenye kochi."

Halima aliketi, na kochi la Mama Jane likamdidimiza mpaka magoti yakakaribia kidevu. Bibi alimmiminia chai na kumwekea vitumbua vya moto. Walizungumza habari za mvua na za korosho za Tunduru. Ndipo Halima akafungua faili, akaanza kutazama huku na huku na kuandika.

"Mna televisheni, naona."

"Kula kwanza kitumbua, mwanangu, kitapoa," Bibi alisema.

"Na mnapikia gesi?"

"Nikuongeze chai?"

Bibi hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alijiona hajadanganya mtu. Wakati huo kuku watano wa Mama Jane waliingia wakifuata makombo ya vitumbua, na Halima akawaandika nao. Dorine alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, akiona kila kitu kinavyoandikwa.

Hatimaye Halima alifunga kalamu. "Utaratibu wetu ni kuisomea familia nilichoandika, kisha mkubwa wa nyumba anaweka sahihi," alisema. Akasoma: kochi, meza ya kioo, televisheni, jiko la gesi, kuku watano. "Bibi, nakupongeza kwa dhati. Umemlea mjukuu vizuri na mnaishi vizuri, Alhamdulillahi. Ila nafasi zetu ni chache na kuna familia zenye shida zaidi. Nimeandika kwamba nyumba hii ina uwezo. Weka sahihi hapa."

Bibi Benigna alipokea kalamu. Tabasamu lilikuwa limemfutika usoni, lakini kiburi kilikuwa bado kimemkalia shingoni. Aliinama juu ya karatasi.

Dorine alijua kwamba akinyamaza, shule imekwisha. Alijua pia kwamba akisema, huenda jina lake likafutwa kwa uongo, na zaidi ya hayo atamwaibisha Bibi mbele ya mgeni, jambo ambalo hajawahi kulifanya maisha yake yote. Akaliweka birika chini.

"Samahani, mama," alisema. "Vitu hivi si vyetu. Tumeviazima jana ili ukae vizuri. Hata kuku si wetu, wamekuja wenyewe."

Halima alimtazama Dorine, kisha akamtazama Bibi. Bibi alibaki na kalamu mkononi. Mwisho bibi huyo akaiweka kalamu juu ya meza ya kioo, taratibu.

"Mtoto amesema kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Hata kikombe unachonywea ni cha jirani."

"Na chai?" Halima aliuliza.

"Majani ya chai ni yangu. Sukari ni ya Gaspari."

Halima alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na kicheko chake kikamwambukiza Bibi, kisha Dorine.

"Wallahi, Bibi, nimefanya kazi hii miaka sita," alisema alipopata pumzi. "Nimeshakuta watu wamehamishia mbuzi wao kwa shemeji ili waonekane maskini. Lakini mtu kuazima mali ili aonekane tajiri wakati anaomba msaada, hilo sijaliona popote."

"Jina langu linafutwa?" Dorine aliuliza.

Halima akawa makini tena. "Lingefutwa kama bibi yako angeweka sahihi kisha tukagundua baadaye. Hajaweka sahihi, na wewe umesema ukweli wakati ulipokuwa unakuuma. Naanza karatasi nyingine." Akaichana ile ya kwanza vipande vinne. "Lakini siandiki kitu mpaka nione nyumba yenu ilivyo. Kila kitu kirudi kwa mwenyewe."

Dorine alikimbia kuwaita majirani. Gaspari alipofika aliuliza kwa sauti kubwa, "Kwani mgeni ameshaondoka?" Alipomwona Halima amesimama pale pale, alishika televisheni yake na kutoka nayo bila kugeuka nyuma. Mama Jane alibeba vikombe huku akisema yeye alijua tangu mwanzo, ingawa hakuna aliyemsikia akisema hivyo jana yake. Kochi lilikwama mlangoni kama lilivyokwama wakati wa kuingia. Safari hii Halima mwenyewe alikunja mikono ya gauni akasukuma, Dorine na Mama Jane wakavuta, na lilipochomoka waliangukia wote uwanjani. Waendesha bodaboda waliokuwa wakipita walisimama kutazama na kuuliza kama kuna harusi.

Halima alirudi ndani, akakalia kigoda, akamaliza chai yake. Sasa aliuliza upya, na Bibi akajibu kila swali. Alieleza wanalala wapi, wanakula nini, na mwezi gani vitumbua havipati wanunuzi. Mara nyingine sauti ilimpungua, naye Halima hakumharakisha. Mama Jane aliitwa kuwa shahidi, akathibitisha. Karatasi ilisomwa, na Bibi akaweka sahihi.

"Jibu mtalipata ndani ya wiki mbili, Inshallah," Halima alisema akiaga. "Siwezi kuwaahidi, maana siamui peke yangu. Lakini sasa wanaoamua watasoma habari za nyumba hii, si za nyumba ya Mama Jane."

Hizo zilikuwa wiki ndefu kuliko zote ambazo Dorine aliwahi kuziishi. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia. Siku moja ya mvua Mwalimu Kajetani alikuja akikimbia, simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni.

"Wamekukubali," alisema kabla hajafika barazani. "Godoro, tranka, sare, kila kitu kwenye orodha."

Bibi Benigna aliacha vitumbua viungue. Alimshika Dorine mikono wakacheza kwenye matope ya uwanja, na Mama Jane akapiga vigelegele bila hata kuuliza kuna nini. Waendesha bodaboda walikula bure siku ile, vilivyoungua na visivyoungua. Dorine alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Asubuhi ya kwenda shule walifika stendi mapema. Tranka na godoro vilipandishwa juu ya basi. Bibi alimvuta Dorine pembeni, akamrekebishia kola ya sare ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Bibi, siku ile nilipokukatiza mbele ya mgeni, ulikasirika?" Dorine aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkaa moyoni tangu Desemba.

"Nilikasirika nikataka kukufinya," Bibi alisema. "Halafu usiku nililala nikifikiri. Mjukuu wangu, kumkaribisha mgeni ni vizuri, na hilo sitaliacha. Lakini mimi sikuwa namkaribisha mgeni. Nilikuwa naficha umaskini wetu, na nilikuwa tayari kuweka sahihi yangu ili uendelee kufichika. Aibu yangu ndogo ilitaka kukunyima shule. Mtoto wa miaka kumi na tatu ndiye aliyeniokoa."

Dorine aliinamisha kichwa.

"Nitazame," Bibi alisema. "Huko uendako utakuta wenzako wenye vitu kukuzidi. Usijifanye unacho usichonacho. Ukipungukiwa, mwendee mwalimu, mwambie kweli umepungukiwa nini. Watu wa kutusaidia wapo wengi, ila hawawezi kuiona shida tuliyoifunika sisi wenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, panda. Na usinitazame kupitia dirisha, nisije nikalia mbele za watu."

Dorine alipanda, akakaa, akamtazama kupitia dirisha. Bibi Benigna alikuwa analia mbele za watu wote wa stendi, tena kwa sauti, na hakujificha hata kidogo.