Uzi Mwekundu Mguuni mwa Korongo

Asubuhi hiyo, shuka ya juu kabisa kwenye rundo lililopigwa pasi ilikuwa na unyayo. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, bado umelowa. Mlango ulikuwa na komeo na dirisha lilikuwa na wavu.

"Ni yule korongo wako, mama," binti alinong'ona.

"Korongo hafungui komeo."

"Ndiyo maana naogopa."

Mama huyo alikuwa dobi, na watu walimwita Mama Hakipotei, kwa kauli yake ya kila siku: kwangu hakipotei kitu. Kila nyumba aliyoifulia aliishonea uzi wa rangi yake kwenye pindo za nguo. Wa kijani ulikuwa wa mwalimu, wa bluu wa fundi viatu. Mwekundu ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe, yeye na binti yake wa pekee, maana mume alishatangulia. Nguo yenye uzi ikipotea, alizunguka mtaa mzima mpaka irudi kwao.

Urafiki na korongo ulianzia mtoni, alikokuwa akisuuzia. Ndege alisimama kwa mguu mmoja akimtazama kama mkaguzi. Mama akamrushia kipande cha mkate. Mwezi haujaisha, ndege akawa anakula mkononi, na mama wa watu, aliyekabwa na upweke tangu afiwe, akawa anampa habari zote za mtaa. Siku moja, asije akamchanganya na korongo wengine, akamfunga uzi mguuni. Uliokuwa kwenye sindano ni ule mwekundu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za mama huyu siku hiyo zilikuwa zimenyolewa.

Baada ya unyayo ikaja harufu ya tope, kwanza kabatini, halafu kwenye mto wa binti. Kisha mchana kweupe kukawa na mlio jikoni, ko, ko, ko, wa kitu kinachodonoa karai, na wakienda kutazama hawaoni mtu, ila maji yanazunguka yenyewe. Binti naye akaacha kula chakula kilichopikwa, akawa anasimama mbele ya karai hilo shingo kaikunja, akiyatazama maji bila kupepesa, na mama akimwita anachelewa kugeuka.

Mganga alikuwa mteja wake. Alipofuata kanzu yake, aliishia kizingitini.

"Humu mnaishi wangapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wawili. Mimi na mwanangu."

"Naona watatu."

Mama akamweleza habari ya uzi. Mganga akafuta jasho.

"Yule si ndege, mama. Ni jini wa mtoni. Umemtia alama ya nyumba yako, sasa anarudi kwao. Ukaukate kwa mkono ule ule ulioufunga, kabla hajamchukua mwanao."

"Akikataa?"

"Asipokataa ndipo uogope."

Saa sita mchana alifika mtoni na mkasi, akamkuta korongo anamngoja na mguu kaunyoosha, na alipouinamia akaona kwenye maji si kivuli cha ndege bali cha mtu mrefu mwenye shingo ndefu aliyemwinamia yeye, na mguu mkononi mwake ulikuwa wa moto, laini, kama mguu wa mtu, lakini alikumbuka mwanawe, akafumba macho, akakata. Ndege hakukataa. Uzi ukaenda na maji.

Alikimbia hadi nyumbani akilia. Harufu ilikuwa imekwisha. Binti alisimama kando ya karai, kwa mguu mmoja.

"Ameondoka, mwanangu. Tumepona."

Binti akashusha mguu wa pili taratibu. Kwenye kifundo palikuwa na unyasi wa mtoni, umefungwa fundo la kidobi, mizunguko miwili na kitanzi, fundo ambalo mama hakuwahi kulifunga mbele ya yeyote isipokuwa korongo. Akautia mkasi. Mkasi ukavunjika.

"Usihangaike, mama," binti alisema, kwa sauti ya mtu mwenye maji kooni. "Kwangu hakipotei kitu."